Kanuni za vijana wa bustani kwa wateja

Ndugu, umeuliza uanzie wapi kuwawekea kanuni vijana wako sita wa bustani hapo Dar, maana wateja wanalalamikia muziki, lugha chafu na kujisaidia nyuma ya ukuta. Mimi ningeanza na mashine. Mashine ya kufyekea inarusha kokoto kama risasi, kwa hiyo asiwashe mtu bila miwani ya kukinga macho na gambuti, na yeyote akisogea ndani ya mita 15, inazimwa. Mtoto wa mwenye nyumba akitoka kuangalia, inazimwa. Hapo usibembelezane na mtu.

Mengine yanaenea ukurasa mmoja wa Kiswahili. Usomwe kwa sauti asubuhi kabla gari halijaondoka, kila mmoja asaini na abaki na nakala: hakuna kuingia ndani bila kuitwa, hakuna spika, hakuna matusi, hakuna kupatana kazi ya pembeni na mteja.

Lakini habari ya kujisaidia ni yako wewe bosi. Choo na maji ya kunywa patana na mteja kabla ya siku ya kazi. Kijana anashinda juani kwa muda wa saa nane, aende wapi?

Faini usiweke kabisa. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, hata akivunja bomba kwa uzembe huwezi kumkata hivi hivi: umwandikie sababu na kiasi, umpe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara. Kosa dogo, onyo la mdomo. Akirudia, la maandishi.