Mikarafuu ya Mtambwe na swali lako

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Sauti uliyonitumia juzi usiku nimeisikiliza, nikairudia tena alfajiri baada ya sala. Unasema mwaka wa nne huu unatengeneza friji hapo Temeke, unafungua kabla ya wenzio, huna starehe, na kodi ya fremu bado unailipa kwa kubabaisha, ilhali uliosoma nao wameshaanza kujenga. Ukaniuliza: "Baba, bidii ina faida kweli, au ni bahati tu?"

Bahati ipo, sitakudanganya. Mmoja wa hao unaowataja alipewa mtaji na mjomba wake, unajua nami najua. Huyo mwache.

Sasa shamba letu la mikarafuu hapa Mtambwe, Pemba. Wewe umelikuta limesimama, ukawa unaparamia miti kuchezea, ukadhani ndivyo lilivyozaliwa. Mimi nilipanda miche 40 mwaka niliomuoa mama yako. Mbegu ya mkarafuu si kama mahindi, uiweke dohani ingoje msimu. Tunda likianguka usipoliwahisha kitaluni, limekufa. Hilo nililiweza. Kilichonishinda ni haraka: miche nikaitoa, nikaipanda juani bila kivuli. Kiangazi hakijaisha, 17 imekauka. Babu yako akaja, akaizunguka, hakusema neno. Kesho yake akarudi na machipukizi ya migomba begani, akaanza kuchimba kando ya ile iliyobaki.

Miaka saba sikuchuma hata konzi moja. Lakini usidhani nilikaa barazani nangoja. Katikati ya miche nilipanda muhogo, na muhogo ndio uliotulisha. Kwa hiyo hizo pasi na feni unazoletewa, unazoziona zinakupotezea muda, usizikatae. Mwaka mikarafuu ilipozaa mara ya kwanza, karafuu zetu zote zilijaa bakuli. Nilikuwa nimeshanunua jamvi jipya la kuanikia! Mama yako alizianika kwenye ungo, akacheka mpaka akakaa chini.

Kuna jambo jingine, na hili ndilo lililonifanya nishike kalamu badala ya kukujibu kwa simu. Msimu mmoja mvua ilitushika jioni. Karafuu mbichi nikazirundika ukumbini, nikasema tutazichambua makonyo, vile vijiti vyake, na kuzianika kesho. Usiku zikavukuta kwa joto lao wenyewe. Asubuhi nyingi zimepauka, zimenywea. Tumeshinda siku nzima juu ya miti, na tawi la mkarafuu unalijua lisivyo na ahadi, halafu kwenye kituo cha kuuzia karafuu zikaingia daraja la chini. Kosa langu mwenyewe. Mtini nilizingoja miaka, zikanishinda usiku mmoja, kwa sababu karafuu ikishachumwa haitaki tena subira.

Nakwambia hili kwa kuwa umetamka mwenyewe, ukapita haraka kama jambo dogo, kwamba una friji tatu za watu zimelala wiki mbili ukingoja vifaa vishuke bei. Hizo zimeshachumwa, mwanangu. Yule mama muuza barafu, mwenye friji mojawapo, anahesabu siku, wewe unahesabu shilingi.

Kama uendelee au uache, siwezi kukuamulia nikiwa huku. Mche mimi nilikuwa nautazama ncha. Ukitoa majani mapya, hata mawili, naupalilia. Ncha ikikauka nang'oa, wala sioni haya. Kaa na daftari lako, hesabu wateja waliorudi wenyewe mwaka huu bila kuitwa, kisha hesabu wa mwaka juzi. Unipigie uniambie.

Karafuu za vuli zimeanza kubadilika rangi. Mama yako anakusalimia, na friji lake linavuja maji chini tangu Ijumaa. Ukipata nauli ya boti, njoo na spana zako.

Baba yako