Manowari za ndege: za vita au za sifa?

Barazani kwetu Wete tunabishana kila jioni. Mataifa hununua manowari za kubeba ndege kwa ajili ya vita, au sifa tu?

Nyote mmeshinda, nunulianeni kahawa. Kijeshi, ile meli ni kiwanja cha ndege kinachotembea. Kurusha ndege kutoka nchi ya mtu lazima umuombe, naye anaweza kukunyima. Bahari kuu haina mwenyewe. Kisiasa, kuonekana kwake tu ni barua. Mwaka 1996 China iliporusha makombora karibu na Taiwan, Clinton, rais wa Marekani, alipeleka manowari za ndege mbili, na misafara yake. Hapakupiganwa, lakini Beijing waliisoma barua. Mwaka 2012 wakaingiza kazini yao ya kwanza, Liaoning, iliyotokana na meli isiyomalizika iliyonunuliwa Ukraine.

Ni kweli Zanzibar nayo ilikuwa na manowari? (Mkunazini)

Si ya ndege, maana ndege zenyewe hazijazaliwa, lakini kisa ni hicho hicho. Kimbunga cha 1872 kiliangamiza meli za Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar. Akaagiza Uingereza meli iliyoitwa Glasgow, kwa mfano wa manowari ya Kiingereza ya jina hilo iliyompendeza. Ikafika 1878, ikawa pambo la bandari: mizinga ipo, kazi haina. Tarehe 27 Agosti 1896, Waingereza walipolipiga kasri la Sayyid Khalid, aliyejitwalia usultani, Glasgow ikajitutumua kujibu. Ikazamishwa. Vita vyenyewe havikufika hata saa moja, na milingoti yake ikabaki miaka ikichomoza majini mbele ya mji. Ningekuwa nafundisha wanamaji, somo la kwanza ningelianzia hapo.

Mbona nchi nyingi hazina? (Chake Chake)

Bei, ndugu yangu. Manowari Gerald R. Ford ya Marekani ilikula kama dola bilioni 13, ndege zake hazimo. Ufaransa inayo moja, Charles de Gaulle. Ikiingia matengenezoni, nchi nzima haina. Thailand ilipata yake 1997, ndege zake za kivita zikastaafishwa, sasa inabeba helikopta. Hiyo mie naiita Glasgow ya pili.

Kombora moja halitoshi kuizamisha? (Nungwi)

Ndiyo maana haitembei peke yake. Huzungukwa na meli za kutungua makombora, mara nyingi na nyambizi. Hata hivyo hofu haiishi. Mwaka 1982, katika vita vya visiwa vya Falklands, nyambizi ya Uingereza ilipoizamisha meli ya kivita ya Argentina, General Belgrano, nchi hiyo iliirudisha nyumbani manowari yake ya ndege, Veinticinco de Mayo. Ndege zake zikaenda vitani zikirukia nchi kavu.