Jibu: Ndege ziliwezaje kurudi ndani ya zepelini ya USS Macon?

Habari za leo mkuu. Umeuliza kuhusu USS Macon, zepelini (chombo kikubwa cha angani kinachoelea kwa gesi) ya jeshi la majini la Marekani iliyobeba ndege ndogo, na umekwama kwenye mambo mawili: ndege ilirudije ndani yake ikiwa angani, bila uwanja, na kwa nini kwenye picha yako haina magurudumu.

Anza kuangalia juu ya bawa la juu, siyo chini. Hata mimi nilipozichambua picha za Sparrowhawk, ndege hizo ndogo za kivita zenye mabawa mawili, la juu na la chini, jibu nililikuta hapo: kuna ndoano. Macon iliteremsha fremu ya chuma kupitia mlango wa umbo la T tumboni mwake. Zepelini ilikuwa inasonga mbele, ikiweza kupita kilomita 120 kwa saa, hivyo rubani aliijia kwa chini, akalinganisha mwendo mpaka vyombo viwili vikawa kama vimesimama, ndipo akanasa ndoano kwenye fremu. Kisha ndege ikavutwa ndani, kwenye banda. Kuondoka ni kufungua ndoano tu na kudondoka.

Magurudumu? Yaling'olewa makusudi, likafungwa tangi la mafuta la ziada. Hawakutarajia kutua ardhini, bwana!

Wazo hili halikuanza na Macon: Waingereza walikuwa wameshadondosha ndege ya kivita ya Sopwith Camel kutoka chombo chao cha aina hiyo, R23, mwaka 1918. Macon yenyewe ilizama karibu na California Februari 1935, na Sparrowhawk 4 bado ziko huko chini.