Bwawa limejaa, mbona mtaani maji ni ya usiku tu?

Ndugu mleta mada, umeuliza kwa nini bwawa letu la Mabayani limejaa na bado kwenu maji yanatoka usiku tu. Mimi ni fundi bomba hapa Tanga mwaka wa 19 sasa. Nikujibu kwa nilichokishika kwa mikono: bwawa ni mwanzo tu, kinachoibeba au kuiangusha mamlaka yoyote ya maji mjini ni maji yanayopotea kabla ya kufika kwenye mita.

Mwaka juzi mama mmoja mwenye nyumba Makorora aliniita, bili imepanda ghafla. Nilirudi saa nane usiku, wapangaji wamelala, koki zote zimefungwa. Nikamulika mita: kigurudumu chekundu kinazunguka. Nikaweka ncha ya nondo kwenye bomba, sikio upande wa pili, nikasikia kama kitumbua kikitiwa kwenye mafuta ya moto. Asubuhi tukachimba penye mgomba uliostawi kupita wenzake. Tundu lenyewe milimita 5 hivi. Kwa presha ya mita 30, yaani kama maji yanashuka kutoka tangi lililo juu mita 30, tundu hilo linamwaga karibu uniti 1 (lita 1,000) kwa saa, uniti 24 kwa siku. Familia yangu ya watu saba haifikishi hizo kwa mwezi.

Yule mama aliumia, ndiyo maana aliniita. Tundu hilohilo likiwa kabla ya mita, nani ataita fundi? Maji yamesukumwa kwa umeme, yametiwa shabu ya kutuliza tope na klorini ya kuua vijidudu, halafu yananywewa na mchanga. Mchana watu wengi wanafungulia, presha inakufa. Usiku wakilala ndipo yanakufikia.

Mita chakavu nazo zinakula. Boya la simtanki likipitisha maji tone kwa tone, mita iliyozeeka haisogei kabisa.

Mwaka 2024 Tanga UWASA, mamlaka yetu ya maji, iliuza hatifungani ya kijani (yaani ilikopa kwa wawekezaji kwa ajili ya mradi wa maji na mazingira) ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5, ili kupanua huduma ya maji. Nilifurahi sana, maana mji unakua. Ila riba hiyo inalipwa na uniti zilizouzwa, si zilizozalishwa. Ndiyo maana nasisitiza mita mpya na watu wa kusikiliza mabomba usiku viende sambamba na upanuzi.

Nawe ukiona barabara imelowa wakati wa kiangazi, piga simu siku hiyohiyo, utaje na namba ya nguzo ya umeme iliyo karibu. Fundi atafika bila kuzunguka mtaa mzima.