Mita moja ikizimika, pampu tatu zisisimame

Chukua kituo cha kawaida cha kusukuma maji: PLC moja (kompyuta ndogo inayoongoza mitambo), inveta tatu za pampu (vifaa vinavyodhibiti kasi ya mota), mita ya mtiririko na mita ya umeme, vyote kwenye kebo moja ya data ya aina ya RS-485 vikizungumza kwa Modbus RTU, lugha ambayo PLC huuliza kifaa kimoja kimoja na kusubiri jibu. Siku ya makabidhiano kila kitu kinakwenda vizuri. Miezi kadhaa baadaye fyuzi ya mita ya mtiririko inaungua na pampu zote tatu zinasimama. Fundi anafungua inveta, anapima mota, anakagua vali, kumbe mgonjwa ni mita ambayo haiendeshi kitu chochote.

Jibu liko kwenye hesabu ya muda, ambayo wengi huiruka. Kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde, kila baiti husafiri kama biti 11 na kuchukua takriban milisekunde 1.15. Kusoma rejista 10 (visanduku vyenye namba ndani ya kifaa) kunahitaji swali la baiti 8 na jibu la baiti 25, jumla 33, yaani kama milisekunde 38. Ongeza ukimya wa herufi 3.5 unaotenganisha ujumbe na ujumbe, na muda kidogo wa kifaa kuandaa jibu, utafika kwenye milisekunde 60 hivi. Kwa vifaa vitano, duru nzima ni karibu sekunde 0.3. Sasa mita imezimika. PLC iliyopangiwa kusubiri jibu sekunde 1 na kujaribu mara 3 itapoteza sekunde 3 katika kila duru ikimwita asiyekuwepo. Inveta nazo zimepangiwa zijizime zisiposikia amri kwa sekunde 2. Zimetii tu.

Kwa hiyo anza kupanga kutokea hapa. Muda wa kusubiri jibu uwe kama milisekunde 200, jaribio la pili liwe moja tu, na kifaa kisichojibu kiondolewe kwenye duru kisha kiulizwe tena kila baada ya sekunde 30. Halafu weka muda wa ulinzi wa inveta, ule wa kujizima zisiposikia amri, uwe mrefu kuliko duru mbaya kabisa unayoweza kuifikiria, na uache nafasi. Kasi ya 19200 hupunguza muda wa waya kwa nusu, ingawa haimharakishi mvivu wa kujibu.

Hata hivyo hesabu haitakusaidia kama waya ni mbovu. RS-485 inataka msitari mmoja unaopita kifaa hadi kifaa, bila matawi ya nyota kutoka kwenye paneli, na rezista ya omu 120 katika ncha mbili tu za msitari. Zima umeme wa vifaa vyote, weka multimita kati ya nyaya mbili za data: ukisoma karibu omu 60, ziko mbili kama inavyotakiwa. Ukisoma 120, moja imesahaulika. Ukisoma 40, ziko tatu, na mara nyingi ya tatu ni swichi ndogo ndani ya inveta ya katikati ambayo mtu aliiwasha kwa nia njema. Washa umeme bila mazungumzo yoyote kwenye waya, upime volti: kati ya nyaya hizo iwepo zaidi ya milivolti 200. Ikiwa chini, weka rezista za kuegemeza msitari, zinazoshikilia volti hiyo wakati wa ukimya, mahali pamoja tu, kwa kawaida kwenye PLC.

Usiamini sana herufi A na B zilizoandikwa kwenye vifaa. Watengenezaji hawakubaliani ni ipi chanya, kwa hiyo kifaa kisipojibu kabisa, geuza nyaya kwanza. Hakiungui kwa hilo. Waya wa tatu, ule wa rejeo la pamoja, usiuache ukining'inia kwa kuwa "data ni nyaya mbili". Vipokezi vya RS-485 huvumilia tofauti ya kati ya volti −7 na +12 dhidi ya rejeo, na majengo mawili yenye ethi tofauti hupita hapo kirahisi. Kebo ikitoka nje ya jengo, weka kitenganishi cha umeme na kinga ya mawimbi ya radi. Kanda ya Ziwa Victoria, ambako radi hazina msimu wa kupumzika, hilo si la hiari. Kebo ya data ikae mbali na kebo za mota zinazotoka kwenye inveta, na zikilazimika kukutana zikatize kwa pembe mraba.

Waya ukiwa sawa, leta kifaa kimoja kimoja. Unganisha cha kwanza, kisome kwa kompyuta, hakikisha, ndipo uongeze cha pili. Kasi, pariti (biti ya kukagua makosa) na biti za kumalizia zifanane kote. Modbus kwa asili inataka pariti shufwa na biti 1 ya kumalizia. Ukiondoa pariti, biti za kumalizia ziwe 2, ingawa vifaa vingi sokoni huja na 8N1, yaani biti 8 za data, bila pariti, biti 1 ya kumalizia.

Kwenye rejista ndiko saa nyingi hupotelea. Kitabu kinasema 40001, lakini kwenye ujumbe wenyewe rejista hiyo ni namba 0 (4 ya mwanzo huonyesha aina ya rejista tu). Baadhi ya programu hukupunguzia hiyo moja, nyingine hazikupunguzii, na unajikuta unasoma mkondo ukidhani ni kasi. Dawa ni kutafuta thamani unayoiona kwa macho: kioo cha inveta kikionyesha 50.00 Hz, tafuta rejista yenye 5000, yaani namba ileile bila nukta. Kosa namba 02 likirudi, waya ni mzima. Anwani ya rejista ndiyo haipo. Namba za desimali huchukua rejista mbili, na mpangilio wake hutofautiana. 50.0 ni 4248 na 0000 kwa heksadesimali. Ukizisoma kinyume, skrini itaonyesha sifuri na utailaumu mita bure.

Jambo moja dogo linaloua inveta polepole: baadhi ya rejista huandika moja kwa moja kwenye kumbukumbu ya kudumu, ambayo mara nyingi huvumilia maandiko 100,000 hivi. Ukituma kasi huko kila sekunde, umeimaliza kwa saa 28. Tafuta kwenye kitabu rejista ya kumbukumbu ya muda, na utume tu thamani inapobadilika.

Kuhusu mawasiliano yakikatika, uamuzi ni wa mchakato, si wa mtengenezaji. Pampu inayojaza tanki isimame. Feni ya kutoa gesi iendelee na kasi ya mwisho. Kitufe cha dharura, boya la tanki kujaa na kinga ya pampu kukauka vipite kwenye nyaya zao hadi kwenye inveta, visitegemee Modbus hata kidogo. Na ndani ya PLC usiache kiwango cha zamani kibaki kwenye rejista kikijifanya kizima: kifaa kisipojibu, alama ya "data mbovu" iwake na programu iache kuitumia.

Ukihamia Modbus TCP, ile inayopita kwenye mtandao wa kompyuta, mlango wake namba 502 hauna nenosiri. Aliye kwenye mtandao huo anaweza kuwasha pampu, kwa hiyo usiuchanganye na mtandao wa ofisi.

Kabla ya kukabidhi, pampu zikiwa zinazunguka, zima mita, kisha chomoa kebo upande wa PLC, na uandike kila kitu kilichukua sekunde ngapi. Karatasi hiyo, pamoja na anwani (namba ambayo PLC humwitia kila kifaa), kasi, pariti na mipangilio ya kila inveta, ibandike ndani ya mlango wa paneli. Inveta ikiungua, mpya huja na mipangilio ya kiwandani, mara nyingi anwani 1, na anwani 1 tayari ina mwenyewe. Majibu yatagongana, lakini amri ya kuwasha pampu ya kwanza zitaisikia zote mbili.