Ukipangiwa habari za Thailand: niliyojifunza kwenye dawati la kimataifa

Usiku mmoja mwishoni mwa Novemba 2008 nilikuwa zamu peke yangu. Taarifa kutoka Bangkok zilikuwa zinaingia moja juu ya nyingine: waandamanaji wameingia uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi, ndege haziruki, abiria wamelala juu ya mabegi yao. Zilibaki dakika ishirini kabla ya taarifa ya saa sita. Nikaona kundi lile linajiita Muungano wa Watu kwa ajili ya Demokrasia, nikaandika kwamba "wanaharakati wa demokrasia" wameufunga uwanja wakitaka serikali ing'oke. Ikasomwa hewani hivyo hivyo.

Asubuhi mhariri wangu, mzee aliyeanza kazi hii enzi za teleksi, aliniita akaniuliza swali moja tu: "Hao watu wanautaka uchaguzi, au wanaukimbia?" Sikuwa na jibu. Nilipokwenda kusoma nikaona nilivyopotoka. Kundi lile, mwaka huo huo, lilikuwa limependekeza bunge ambalo asilimia 30 tu ya wabunge wangepigiwa kura na asilimia 70 wangeteuliwa. Na serikali waliyotaka ing'oke ilikuwa imeingia kwa uchaguzi wa Desemba 2007, uliofanyika chini ya katiba iliyoandaliwa na watu waliowekwa na wanajeshi wenyewe. Wasikilizaji wetu nilikuwa nimewapa habari kichwa chini miguu juu.

Ninyi mnaoanza kazi kwenye dawati hili mtakutana na Thailand mapema, kwa sababu haipiti miaka mingi bila kurudi kwenye vichwa vya habari. Swali la yule mzee ndilo ninalowaachia kwanza. Kabla hujaandika neno "waandamanaji", jua wanataka sanduku la kura lifanywe nini.

Nasema hivi kwa sababu masikio yetu yana mazoea. Mtu akisikia maandamano, anawaza raia walionyimwa kitu na dola inayowanyima. Thailand umati umetoka pande zote mbili. Thaksin Shinawatra, askari polisi aliyegeuka tajiri wa simu, alishinda uchaguzi wa mwaka 2001 akawa waziri mkuu, kwa ahadi zilizofika vijijini kweli: matibabu kwa baht 30 tu (baht ni fedha ya Thailand) kila uendapo hospitali, na mfuko wa baht milioni moja kwa kila kijiji. Mwaka 2005 chama chake kikachukua viti 377 kati ya 500. Watu wa kaskazini na wa Isan, kaskazini-mashariki, waliona kwa mara ya kwanza kwamba kura yao inaleta kitu mezani. Watu wengi wa tabaka la kati la Bangkok na wa kusini waliona kitu kingine: mtu mmoja anakusanya serikali, vyombo vya habari na biashara mkononi mwake. Januari 2006 familia yake ilipouza hisa za kampuni yao kwa Temasek, kampuni ya uwekezaji ya serikali ya Singapore, kwa baht bilioni 73 bila kulipa kodi, wakaingia barabarani wakiwa wamevaa njano. Hao Mashati ya Njano ndio kundi lile la uwanja wa ndege. Njano ni rangi ya Jumatatu, siku aliyozaliwa Mfalme Bhumibol, nao walijihesabu kuwa walinzi wa kiti chake.

Tangu hapo mtiririko ulijirudia karibu vilevile. Jeshi likapindua serikali tarehe 19 Septemba 2006, Thaksin akiwa New York. Chama chake kikafutwa, kikaibuka kwa jina jingine, kikashinda tena. Nacho kikafutwa Desemba 2008, uwanja wa ndege ukiwa bado umekaliwa. Demokrat, chama kilichokuwa kikishindwa kwenye kura, kikapata uwaziri mkuu kwa kura za bungeni kupitia Abhisit Vejjajiva. Ndipo Mashati Mekundu, waliokuwa upande wa Thaksin, wakaja Bangkok, Machi 2010, wengi wao kutoka vijijini, wakitaka bunge livunjwe na uchaguzi uitishwe. Walipiga kambi makutano ya Ratchaprasong, katikati ya maduka ya fahari. Hadi jeshi linaiondoa kambi hiyo tarehe 19 Mei, watu zaidi ya 90 walikuwa wamekufa, raia kwa askari, wakiwemo wanahabari wawili wa kigeni, Mjapani na Mwitaliano. Majengo yakachomwa, likiwemo duka kubwa la CentralWorld.

Sasa mwangalieni mtu mmoja, Suthep Thaugsuban. Mwaka 2010 alikuwa naibu waziri mkuu, naye ndiye aliyesimamia kituo kilichoongoza operesheni dhidi ya Mashati Mekundu. Mwaka 2011 Yingluck, dada yake Thaksin, akashinda kwa viti 265. Serikali yake ilipojaribu kupitisha msamaha ambao ungemrudisha kaka yake nyumbani, Suthep alijiuzulu ubunge akaingia barabarani na umati wenye filimbi. Mwenye kusimamia amri ya kuondoa kambi ya barabarani akawa mwenye kupiga kambi barabarani. Yingluck alipovunja bunge na kuitisha uchaguzi wa tarehe 2 Februari 2014, wafuasi wa Suthep walizuia vituo vya kupigia kura. Walisema mageuzi yatangulie uchaguzi, na kwamba baraza la watu lisilochaguliwa liongoze kwanza. Mahakama ya Katiba ikaubatilisha uchaguzi ule kwa sababu haukufanyika siku moja nchi nzima. Wale waliosababisha usifanyike wakapata walichotaka, na tarehe 22 Mei mkuu wa jeshi, Jenerali Prayuth Chan-ocha, akachukua nchi.

Ukiandika "kiongozi wa waandamanaji Suthep" ukaishia hapo, hujaandika uongo, lakini msikilizaji wako hajajua kitu. Ongeza sentensi moja ya alikotoka.

Kuna mwingine ambaye hadithi yake hunihuzunisha zaidi, Chamlong Srimuang. Mei 1992 alifunga kula kumpinga Jenerali Suchinda, waziri mkuu asiyechaguliwa, na watu wengi walipigwa risasi kwenye maandamano yale. Yeye alikuwa mmoja wa sura za kudai uongozi uliochaguliwa. Miaka kumi na minne baadaye alikuwa miongoni mwa viongozi wa Mashati ya Njano, waliotaka Mfalme ateue waziri mkuu. Nimesoma sana kutafuta lini aligeuka, na kwa jinsi ninavyomwelewa, mwenyewe hakuona kuwa amegeuka. Aliona rushwa ndiyo adui, mwaka 1992 na mwaka 2006. Mkilielewa hilo, hamtawaandika watu wa njano kama wajinga waliotumwa. Malalamiko yao yalikuwa na miguu. Kosa lao, kwa maoni yangu, na nalisema wazi, lilikuwa kuamini kwamba dawa ya kiongozi mbaya aliyechaguliwa ni kuwapunguzia wengine kura.

Msianguke upande wa pili pia. Nimeona vijana wakishajua kwamba Thaksin alipinduliwa wanamwandika kama mtetezi wa haki. Vita yake ya dawa za kulevya ya mwaka 2003 iliua watu zaidi ya 2,000. Oktoba 2004, huko Tak Bai kusini, Waislamu 78 walikufa wamebanwa ndani ya malori ya jeshi baada ya kukamatwa kwenye maandamano. Kuchaguliwa hakumsafishi mtu. Aya moja ibebe yote mawili, kwamba alikuwa na haki ya kuongoza na kwamba damu ile ilimwagika akiwa anaongoza.

Mahakama nazo zitawachosha, lakini msizipite. Samak Sundaravej aliondolewa uwaziri mkuu Septemba 2008 kwa sababu alilipwa kwa kuendesha kipindi cha mapishi kwenye televisheni. Wasikilizaji watacheka ukiwapa hivyo tu. Waelezeni kwamba katika nchi ile mlinzi wa lango si bunge peke yake. Jeshi, majaji na watu walio karibu na ikulu ya Mfalme wana namna zao za kumaliza serikali, na umati wa barabarani mara nyingi umefungua mlango ambao mmoja wao akaupitia.

Mambo madogo yanayoumbua mwandishi ni haya. Wathai huitwa kwa jina la kwanza, hata kwenye habari rasmi. Mara ya pili andika Thaksin au Yingluck, maana ukiandika Shinawatra hatujui ni nani kati ya ndugu. Kuna Sondhi na kuna Sonthi: Sondhi Limthongkul ni mwenye vyombo vya habari aliyeongoza watu wa njano, na Sonthi Boonyaratglin ni jenerali aliyepindua serikali mwaka 2006, Mwislamu wa kwanza kuliongoza jeshi la nchi kavu la nchi ile. Kwa Kithai majina yao ya kwanza huandikwa sawasawa, na mimi nimewahi kuwachanganya. Nyaraka zao hutumia mwaka wa Kibuddha. Toa 543, kwa hiyo 2549 ni 2006.

Na neno letu "mapinduzi" liangaliwe. Kwa Kiswahili linabeba mambo mawili ambayo Thailand huyatenganisha sana. Mwaka 1932 maofisa na watumishi wa umma walimaliza utawala wa mfalme asiye na mipaka. Mwaka 2006 na 2014 majenerali walifuta katiba na kufukuza waliochaguliwa. Msikilizaji wa Unguja akisikia Mapinduzi bila kuongezewa kitu anawaza tarehe 12 Januari. Semeni "jeshi limepindua serikali", mambo yataeleweka.

Jambo zito kuliko hayo ni kifungu 112 cha sheria ya jinai, cha kumkashifu mfalme, malkia, mrithi au kaimu wa mfalme. Kosa moja ni miaka 3 hadi 15 jela. Ukimhoji mtu aliye kule kwa simu na akagusa ikulu, usimtaje jina, wala chuo chake, wala mtaa. Hata akikuruhusu. Wewe utamaliza zamu urudi nyumbani. Yeye anaweza kugongewa mlango.

Kifungu hicho ndicho kilichovuruga ramani niliyoizoea. Vijana wa mwaka 2020, waliosimama Chuo Kikuu cha Thammasat Agosti wakasoma madai kumi kuhusu ufalme, hawakuwa wekundu wala wa njano. Wengine walikuwa watoto wa wazazi waliopuliza filimbi za Suthep. Mei 2023 chama walichokiunga mkono, Move Forward, kiliongoza kwa viti 151, na Pheu Thai ya akina Thaksin ikapata 141. Maseneta, waliowekwa wakati wa utawala wa kijeshi, wakamzuia kiongozi wa Move Forward, Pita Limjaroenrat, asiwe waziri mkuu. Tarehe 22 Agosti Thaksin akatua Bangkok baada ya miaka 15 ughaibuni, na siku ile ile bunge likamchagua Srettha Thavisin wa Pheu Thai kuwa waziri mkuu, kwa kura za vyama vya wale wale majenerali. Walikuwepo Mashati Mekundu waliozika ndugu zao mwaka 2010. Niliwawaza wao siku ile kuliko mtu mwingine yeyote.

Mwaka uliofuata Move Forward ikafutwa kwa kutaka kurekebisha kifungu 112, na wiki moja baadaye mahakama ikamwondoa Srettha naye.

Kwenye kompyuta ya dawati kuna faili la aya za historia, zile tunazobandika chini ya habari muda ukibana. Ya Thailand niliiandika mwaka 2014, nayo inasema nchi imegawanyika kati ya wekundu wa vijijini na wa njano wa mjini. Ifuteni, muandike yenu.