Roboti Isifukie Tiketi: Kuunganisha Gerrit na Jira

Msomaji ameandika kuwa timu yao imeunganisha Gerrit, mfumo wa kukagua msimbo kabla haujaunganishwa, na Jira, mfumo wa kufuatilia kazi na hitilafu kwa tiketi, kwa kutumia programu-jalizi ya `its-jira`, na tangu hapo hakuna anayesoma tiketi. Mtu akisukuma toleo jipya la badiliko, hata kama amesahihisha nukta tu, roboti inaweka maoni. Neno la mpimaji aliyegundua hitilafu limefukiwa huko katikati. Watu wamezima arifa, naye anauliza kama wahamie kwenye mfumo mwingine.

Msihame. Mfumo mwingine utawapigia kelele zilezile, maana kilichokosewa ni mistari michache ya usanidi.

Anza na ruwaza (regex) ya kutambua namba ya tiketi. Wengi hunakili `([A-Z]+-[0-9]+)` kutoka kwenye mfano wowote waliouona, kisha wanashangaa roboti ikitafuta tiketi inayoitwa UTF-8, au SHA-256, ambayo ni majina ya kiufundi tu. Ruwaza hiyo haijui tofauti: herufi kubwa, kistari, tarakimu, basi. Taja miradi yenu kwa majina, ndani ya `gerrit.config`, faili kuu la usanidi wa Gerrit:

```
[commentlink "its-jira"]
  match = "\\b((?:MALIPO|WAVUTI)-[0-9]+)\\b"
  link = https://jira.example.com/browse/$1
  association = SUGGESTED
```

Angalia mabano. Ukiandika `(MALIPO|WAVUTI)-[0-9]+` bila mabano ya nje, `$1` itabeba neno MALIPO peke yake na kiungo kitaelekea pasipo na kitu. Mkwaju wa nyuma nao huandikwa mara mbili, na alama za kunukuu hazikwepeki pale ruwaza inapokuwa na `#`, kwa sababu faili hili huchukua `#` kuwa mwanzo wa maelezo na kukata mstari hapo. Jina `its-jira` nalo lisibadilishwe ovyo: programu-jalizi hutafuta ruwaza yenye jina lake yenyewe, isipokuwa umeielekeza kwingine.

Kuhusu `association`: OPTIONAL hupitisha badiliko lisilo na namba, SUGGESTED humwonya mwandishi, MANDATORY hulikataa. Ushauri wangu ni SUGGESTED kwa wiki za kwanza. Ukianza na MANDATORY watu watabandika namba yoyote ile ili mlango ufunguke, na tiketi moja ya zamani itageuka jalala la mabadiliko yasiyohusiana nayo.

Sasa kelele zenyewe. Sheria za nini kiandikwe na lini zinakaa kwenye `etc/its/actions.config`:

```
[rule "badiliko-jipya"]
  event-type = patchset-created
  association = added@somewhere
  action = add-standard-comment

[rule "limeunganishwa"]
  event-type = change-merged
  branch = master
  action = add-standard-comment
```

Dawa ya msomaji wetu ni `added@somewhere` (`association` hii si ile ya `gerrit.config`). Maana yake: fanya kazi pale tu namba ya tiketi inapoonekana kwa mara ya kwanza, yaani kwenye toleo la 1, au kwenye toleo ambalo lililotangulia halikuwa na namba hiyo. Matoleo mengine kumi yakija baadaye, kimya. Mstari wa `branch` unazuia kelele za aina nyingine: komiti ikihamishiwa kwenye matawi matatu ya matoleo, bila mstari huo tiketi itapata tangazo la kuunganishwa kwa kila tawi. Kama tawi lenu kuu linaitwa `main`, andika hivyo. Ukimaliza, pakia upya programu-jalizi ili isome sheria mpya.

Kama hakuna kinachotokea kabisa, usikimbilie kulaumu mtandao. Kwa chaguo-msingi programu-jalizi haijawashwa kwenye mradi wowote. Inawashwa kwenye `project.config`, faili la usanidi wa mradi linalokaa katika tawi maalumu la `refs/meta/config`, kwa kuweka `enabled = true` chini ya `[plugin "its-jira"]`. Ukiiweka kwenye All-Projects, mradi mzazi wa yote, miradi yote inairithi.

Akaunti ya roboti iwe yake peke yake, yenye ruhusa za kuona mradi na kuandika maoni, pamoja na kuhamisha hali ya tiketi ikiwa mtaihitaji. Nywila ikae kwenye `secure.config`, faili la siri za Gerrit. Hapa kuna mtego. Nywila ikibadilishwa upande wa Jira na Gerrit ikabaki na ile ya zamani, inaendelea kubisha hodi. Kwenye Jira ya seva yenu wenyewe, baada ya majaribio matatu yaliyoshindwa, kwa chaguo-msingi akaunti inadaiwa CAPTCHA, lile fumbo la picha la kuthibitisha kuwa wewe ni binadamu. Roboti haisomi picha. Hata ukirekebisha nywila, itaendelea kukataliwa mpaka mtu aingie kwa akaunti hiyo kwenye kivinjari, au msimamizi afute hesabu ya makosa.

Kuna wanaotaka roboti isogeze tiketi pia. Inawezekana: kwenye `action` andika jina la hatua ya kuhama, wala si jina la hali inakohamia. Hatua hiyo isipopatikana kutoka hali iliyopo, tiketi haitasogea na kilio chake utakikuta kwenye `error_log`, kumbukumbu ya makosa ya Gerrit, tu. Ila isiifunge tiketi. Msimbo kuunganishwa hakumaanishi umepimwa, na timu inayoiachia mashine kutangaza kazi imekwisha isije ikamlaumu mpimaji. Ipeleke kwenye hali ya kusubiri majaribio, binadamu aifunge.

Wenzetu wa GitHub wana tabia hiyo tayari, maana `Fixes #12` huifunga tiketi yenyewe, lakini ombi la kuunganisha msimbo (pull request) likiwa limeelekezwa kwenye tawi la chaguo-msingi tu. Na `Fixes #12, #13` hufunga ya 12 pekee. Neno lirudiwe mbele ya kila namba.

Kabla ya kutangazia timu, fungua tiketi ya majaribio. Sukuma badiliko lenye namba yake na neno UTF-8 kwenye ujumbe, kisha sukuma matoleo mengine mawili, halafu liunganishe. Tiketi iwe na maoni mawili. Yakiwa manne, `added@somewhere` haijasomwa. Yakiwa sifuri, rudi kwenye `enabled`.